Kanzidata ya Wananchi ya Matukio Baada ya Chanjo: Namna ya Kuijenga Isigeuke Daftari la Uvumi

Kila inapoanzishwa chanjo mpya au kampeni ya kitaifa ya chanjo, swali moja hurejea: je, wananchi wenyewe wanaweza kuanzisha na kuendesha kanzidata ya kupokea taarifa za madhara, pasipo kuisubiri Serikali wala mtengenezaji wa chanjo? Jibu fupi ni kwamba wanaweza, na zipo nchi ambako chombo kilicho nje ya Serikali ndicho kilichokabidhiwa kazi hiyo. Jibu refu, ambalo ndilo shabaha ya makala haya, ni kwamba ugumu wa kazi haupo pale wengi wanapoudhania. Kutengeneza fomu ya kujaza kwenye simu ni kazi ya siku mbili. Kuiwezesha taarifa iliyojazwa humo kumkinga mtoto mwingine ni kazi ya miaka.

Kabla ya yote yatenganishwe maneno mawili yanayochanganywa hata na watu wa afya. Tukio baada ya chanjo ni jambo lolote baya la kiafya linalompata mtu baada ya kuchanjwa, liwe limesababishwa na chanjo au la. Madhara ya chanjo ni yale matukio ambayo uchunguzi umeonesha kuwa chanjo ndiyo iliyoyaleta. Kanzidata, iwe ya Serikali au ya wananchi, hupokea matukio. Haipokei madhara, kwa kuwa siku taarifa inapoandikwa bado hakuna ajuaye. Jina la kanzidata yenyewe na liseme hivyo tangu mwanzo.

Taarifa huenda wapi hivi sasa

Ufuatiliaji wa usalama wa dawa kwa utaratibu tunaoujua leo ulizaliwa na msiba wa thalidomide, dawa ambayo hadi kufikia mwaka 1961 ilikuwa imesababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Uingereza ilianzisha mfumo wake wa Kadi ya Njano mwaka 1964, na Shirika la Afya Duniani likaanzisha programu ya kimataifa mwaka 1968. Taarifa za nchi wanachama hukusanywa katika kituo kilichopo Uppsala, Sweden. Tanzania ilijiunga na programu hiyo mwaka 1993, na Kenya mwaka 2010.

Kwa miaka mingi mifumo hiyo iliwasikiliza madaktari na wafamasia peke yao. Mgonjwa alikuwa mtu wa kuandikwa habari zake na mwingine. Marekani ilitangulia kufungua mlango: mfumo wake wa taarifa za chanjo, VAERS, ulioanza mwaka 1990, humpokea yeyote, awe mzazi, muuguzi au wakili, na takwimu zake huwekwa wazi kwa umma. Uholanzi, ambako kazi hii hufanywa na taasisi huru iitwayo Lareb, ilianza kupokea taarifa za wagonjwa mwaka 2003, na Uingereza ikawafungulia wagonjwa wa nchi nzima mwaka 2005. Lareb ni mfano wa kutazamwa kwa makini na yeyote anayewaza kanzidata huru. Taasisi hiyo si idara ya Serikali, lakini uchambuzi wake huishia mezani pa mamlaka ya dawa ya nchi, ambayo ina nguvu ya kisheria ya kuchukua hatua.

Kwa upande wa Tanzania Bara, mzazi anaweza kutoa taarifa katika kituo alikochanjiwa mtoto, au moja kwa moja kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Njia zipo, basi. Linalowavunja moyo watu ni jambo dogo zaidi na chungu zaidi: mama anafika kituoni na mtoto aliyevimba paja au aliyepatwa na degedege usiku, anaambiwa "hiyo ni kawaida," na hakuna kinachoandikwa. Huenda ni kawaida kweli. Lakini ukawaida wa jambo hujulikana kwa kuliandika, na asiyeandikiwa hana sababu ya kurudi mara ya pili. Pengo hilo ndilo ambalo kanzidata ya wananchi inaweza kuliziba.

Taarifa 15 zilizotosha

Wapo wanaodhani kwamba kanzidata haina maana mpaka ikusanye maelfu ya taarifa. Historia ya chanjo ya RotaShield inaonesha vinginevyo. Chanjo hiyo ya kuzuia kuhara kunakosababishwa na rotavirusi iliidhinishwa Marekani Agosti 1998. Kufikia Julai 1999 VAERS ilikuwa imepokea taarifa 15 za watoto wachanga ambao sehemu ya utumbo ilijiingiza ndani ya sehemu nyingine, hali inayoweza kuua isipotibiwa mapema. Taarifa hizo 15 ndizo zilizosimamisha matumizi ya chanjo hiyo. Oktoba mwaka huohuo mtengenezaji aliiondoa sokoni. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba hatari ilikuwa takriban mtoto 1 katika kila watoto 10,000.

Taarifa hizo zilitosha kwa sababu zilifanana: ugonjwa mmoja mahususi, uliothibitishwa hospitalini, uliotokea siku chache baada ya dozi. Ziliweza kuhesabiwa. Hata hivyo hazikuthibitisha chochote zenyewe. Zilizusha swali zito, na swali likajibiwa na utafiti uliowalinganisha watoto waliougua na wasiougua. Chanjo za rotavirusi zinazotumika sasa ni nyingine, na kabla ya kuidhinishwa kila moja ya zile mbili za kwanza ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000, kwa sababu hiyohiyo ya yale yaliyotokea mwaka 1999.

Hesabu ambayo haimo ndani ya kanzidata

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limeziharibu kanzidata nyingi za watu binafsi. Inaandikwa juu ya ukurasa, kwa tarakimu kubwa nyekundu, idadi ya matukio yaliyopokelewa, na msomaji anaachwa ahitimishe mwenyewe. Tarakimu hiyo haina maana mpaka iwekwe kando ya nyingine mbili: ni watu wangapi waliochanjwa, na ni wangapi wangepatwa na jambo hilo hata wasingechanjwa.

Tuchukue degedege linaloletwa na homa. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako limehesabiwa kwa muda mrefu, kati ya watoto 100 wapatao 2 hadi 5 hulipata walau mara moja kati ya umri wa miezi 6 na miaka 5. Tukilishika 3 kwa ajili ya mfano, na tukichukulia kwamba hutawanyika sawasawa katika kipindi chote hicho, basi kati ya watoto 100,000 tutarajie wapatao 13 kila wiki. Wakichanjwa watoto 100,000 katika kampeni, hao 13 watapatwa na degedege katika wiki yoyote itakayofuata hata kama sindano zilijazwa maji matupu. Kila mzazi miongoni mwao atakuwa anasema kweli akisema kwamba mtoto wake alianguka baada ya kuchanjwa.

Je, hii ina maana kwamba chanjo haina lawama? La. Chanjo ya surua hupandisha homa kwa baadhi ya watoto, kwa kawaida kuanzia siku ya 5 hadi ya 12, na inakadiriwa kuongeza degedege la homa kwa mtoto 1 katika kila 3,000 hadi 4,000. Kwa watoto 100,000 hilo ni ongezeko la watoto 25 hadi 33. Hivyo katika wiki ya pili tungetarajia kuona kama 40, si 13. Tofauti hiyo ndiyo madhara ya chanjo, nayo huonekana kwa yule tu anayejua siku ya chanjo, siku ya tukio, na idadi ya waliochanjwa. Asiyejua hayo atakosea kwa njia moja kati ya mbili: ataitwisha chanjo watoto wote 40, au ataikana hata ile 25.

Mfano wa hapa kwetu ni chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Katika jaribio kubwa lililofanyika kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania (Bagamoyo na Korogwe) na Kenya, watafiti waliona mambo matatu ya kutia wasiwasi kwa watoto waliochanjwa: homa ya uti wa mgongo iliyozidi, malaria ya ubongo iliyozidi, na vifo vya wasichana vilivyozidi. Hawakuyaficha, na hawakuyatangaza kuwa ni madhara. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ilipelekwa Kenya, Ghana na Malawi kwa utaratibu maalumu: maeneo yalipigiwa kura, mengine yakaanza na mengine yakasubiri, ili yalinganishwe. Watoto zaidi ya 800,000 walipokuwa wamechanjwa, ushahidi wa mambo hayo matatu haukuonekana tena, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Kanzidata ya wananchi haina uwezo wa kupigia kura wilaya nzima. Inachoweza ni kuuliza swali kama lile, na kulitunza vizuri mpaka mwenye uwezo alijibu.

Fomu

Fomu nzuri ni fupi, lakini haikosi mambo haya: umri na jinsia ya aliyechanjwa; jina la chanjo na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa; kituo au mahali pa kampeni; tarehe na saa ya chanjo; tarehe na saa ya dalili ya kwanza; hali ya afya siku mbili tatu kabla ya chanjo; dawa nyingine alizokuwa akitumia, za hospitali na za asili; alichofanyiwa; na hali yake alipoandikiwa. Namba ya toleo ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo yenye thamani kuliko karibu zote. Matukio matano yanayotoka katika toleo moja au katika kituo kimoja yanasema jambo tofauti kabisa na matukio matano yaliyotawanyika nchini. Picha ya kadi ya kliniki, iliyopigwa kwa simu, hupunguza makosa mengi.

Fomu isimwulize mzazi kama anadhani chanjo ndiyo iliyosababisha. Jibu hilo analo tayari, ndilo lililomleta, na halimsaidii mchambuzi. Aulizwe alichokiona. Neno degedege lenyewe ni somo tosha: kwa daktari ni dalili, ilhali katika jamii nyingi za pwani na bara ni ugonjwa wenye asili yake, mara nyingine unaohusishwa na mashetani na kupelekwa kwa mganga. Badala ya "alipata degedege?" fomu iulize kama macho yaligeuka, kama viungo vilikakamaa au vilirukaruka, kama aliitika alipoitwa, na ilichukua muda gani. Maelezo ya mzazi yahifadhiwe kama alivyoyasema, kwa lugha yake, hata baada ya mchambuzi kuyapa jina la kitabibu. Kwa majina hayo hakuna haja ya kubuni upya: ushirikiano wa kimataifa uitwao Brighton Collaboration, ulioanza mwaka 2000, umeandaa fasili za matukio mengi pamoja na viwango vya uhakika kulingana na ushahidi uliopo.

Kisha ipo kazi ya kuhakiki, ambayo haina mvuto na ndiyo inayokula fedha. Daktari mmoja wa usingizi wa Marekani aliwahi kuipelekea VAERS taarifa kwamba chanjo ya mafua ilimgeuza kuwa yule jitu la kijani la kwenye filamu, Incredible Hulk. Taarifa ilipokelewa. Baadaye wahusika walimpigia, akakiri alichofanya, ikaondolewa kwa ridhaa yake. Watu hukicheka kisa hiki kuuonesha udhaifu wa mfumo, lakini sehemu yenye mafunzo ni ile simu: mtu alipiga. Kanzidata isiyo na mtu wa kumpigia mtoa taarifa haitatofautisha dhihaka, taarifa iliyotumwa mara tatu na baba, mama na shangazi, na mtoto aliyelazwa kweli.

Huru dhidi ya nani

Waanzilishi wengi huwaza uhuru dhidi ya Serikali na kampuni. Ni sawa, lakini hautoshi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionesha kwamba sehemu kubwa ya taarifa za VAERS zilizoihusisha chanjo na usonji katika kipindi fulani zilitokana na kesi zilizokuwa mahakamani. Wakili anayetafuta wateja, mfanyabiashara wa dawa mbadala na mwanaharakati mwenye hukumu tayari nao wana maslahi. Kanzidata na itangaze nani anailipia, nani anaweza kufuta au kubadili taarifa, na kwa kanuni gani. Kanuni za uchambuzi ziandikwe kabla ya taarifa ya kwanza kuingia, zisitungwe baada ya matokeo kuonekana. Na ripoti zitolewe kwa ratiba, hata pale ambapo hakuna jipya la kusema. Ripoti isemayo "miezi mitatu hii hatukuona ishara yoyote" ndiyo itakayoifanya ile ya siku ya hatari isadikike.

Siri ya mgonjwa

Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayezikusanya anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kueleza azma ya ukusanyaji, kupata ridhaa, na kuzilinda. Kusafirisha taarifa nje ya nchi nako kuna masharti yake, jambo ambalo kikundi kinachotumia seva ya kampuni ya ng'ambo hakina budi kulijua. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Kundi la mtandao wa kijamii ambamo wazazi hubandika picha za watoto na kadi zao halikidhi masharti haya, hata likiwa na nia njema kiasi gani.

Kuondoa jina hakutoshi. "Mtoto wa kike wa miezi tisa, kijiji fulani, alilazwa Jumatatu" ni maelezo yasiyo na jina ambayo kijiji kizima kinajua ni ya nani. Kinachotangazwa kwa umma kiishie ngazi ya mkoa, na umri kwa makundi.

Taarifa isiyongoja ripoti

Mwezi Mei 2017, katika eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulikuta kwamba bomba moja la sindano lilitumiwa kwa siku nne na chanjo ilikaa nje ya baridi muda wote huo. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Mikono na mnyororo baridi ndivyo vilivyokosa. Julai 2018, huko Samoa, watoto wawili walikufa mara baada ya sindano kwa kuwa wauguzi waliichanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake maalumu. Chanjo ilisimamishwa kwa miezi kadhaa, imani ikaporomoka, na mlipuko wa surua ulioanza mwaka uliofuata ukaua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Visa hivi viwili vinatakiwa viwe mbele ya kila anayejenga kanzidata. Cha kwanza kinadai mwendo wa kasi: kifo, kulazwa hospitalini, au matukio mawili au zaidi yanayofanana katika kituo kimoja yapelekwe kwa mamlaka ndani ya saa 24, kwa simu na kwa maandishi, pasipo kungoja kikao cha kamati. Cha pili kinadai maneno yaliyopimwa, kwani tangazo lisemalo "chanjo imeua" kabla ya kujulikana ni kitu gani hasa kilichokuwa ndani ya bomba la sindano linaweza kuua watu wengi kuliko kosa lenyewe. Kikundi kikiwa na hati ya makubaliano na TMDA inayoeleza nani anapigiwa na jibu linatarajiwa lini, hakitalazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kupiga kelele.

Wanaotaka kuanza waanze na halmashauri moja na chanjo chache, kwa mwaka mmoja, na kabla ya kufungua fomu waombe kwa mganga mkuu wa halmashauri idadi ya dozi zilizotolewa kila mwezi. Wakinyimwa idadi hiyo, wajue kwamba wataweza kukusanya visa lakini hawataweza kuvipima.

Mzazi ambaye halmashauri yake haina kanzidata ya namna hii anaweza kufanya mengi peke yake. Siku ya chanjo amwombe muuguzi aandike namba ya toleo kwenye kadi ya kliniki, na abaki kituoni nusu saa, kwa kuwa mzio mkali wa ghafla kwa kawaida hujitokeza katika muda huo. Homa ya siku moja au mbili, paja kuuma, na kidonda kidogo begani wiki kadhaa baada ya chanjo ya kifua kikuu hutarajiwa. Kupumua kwa shida, uso kuvimba, kupoteza fahamu, degedege, kulia mfululizo kwa saa tatu au zaidi, au jipu mahali pa sindano havitakiwi kungoja asubuhi. Apelekwe kituoni na kadi yake, saa ya dalili ya kwanza ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, na mzazi asiondoke kabla ya kuona kwamba taarifa imejazwa katika fomu ya matukio baada ya chanjo. Isipojazwa, aitume mwenyewe TMDA.